Baba Saba wa Ishbulat

Jumamosi, tarehe 13 Juni 2015. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeukalia mto, na nyasi za kijiji cha Yamashtau zililowa umande hadi magotini. Ishbulat alimaliza sala ya alfajiri lakini hakuinuka kwenye mkeka. Leo ukoo mzima ulikuwa unakutana, na kila mwanamume angesimama awataje baba zake saba, yaani baba, babu, na kurudi nyuma hadi kizazi cha saba. Asiyewajua saba, Wabashkiri, watu wa milima ya Ural huko Urusi, humhesabu yatima. Yeye alikuwa akiwataja tangu utotoni bila kukwama. Leo ulimi ulikuwa mzito.

Kisa kilikuwa majibu aliyopigiwa simu jana. Wakati wa baridi wanaume wa ukoo walipanguswa ndani ya mashavu kwa pamba, wakapimwa vinasaba, ile alama ambayo baba humwachia mwana. Wote walikuwa wa kundi moja, ambalo wataalamu huliita N. Ishbulat naye alikuwa N, ila wa tawi jingine, la Waudmurti wa kaskazini, ambao hata lugha yao haina undugu na ya Wabashkiri. Matawi hayo yaliachana maelfu ya miaka iliyopita.

Binamu yake Yanybai, mwenyekiti wa ukoo aliyempigia simu hiyo, aliingia bila kubisha.

“Kaka, usijitie kitanzi. Sema koo linauma. Umekunywa maziwa ya farasi yakiwa baridi. Nani atajua?”

“Mungu.”

“Mungu anajua tangu zamani, na hajatutangazia! Wewe una haraka ya nini?”

Tanhylu, mke wa Ishbulat, alicheka akimimina chai. “Shemeji, wewe ungemuuzia dubu asali yake mwenyewe.”

Ishbulat hakucheka. Alikuwa na mizinga ya nyuki juu ya misonobari msituni, yenye alama ya ukoo iliyochongwa na babu zake. Kama hawakuwa babu zake, basi yeye alikuwa nani pale?

Adhuhuri, masufuria ya nyama yakitokota, zamu yake ilifika.

“Mimi ni Ishbulat, wa Timerbulat, wa Aznabai...” Akaiacha orodha hapo. “Ndugu zangu, vipimo vinasema damu yangu si yenu. Mahali fulani kati ya hao saba kamba imekatika. Sijui wapi. Nisingependa kuwataja wazee wenu kama mwizi.”

“Basi mizinga ya msituni ni ya nani?” sauti iliuliza kutoka nyuma.

“Funga bakuli lako!” Alikuwa shangazi Minzifa, dada wa marehemu Timerbulat, akijiinua kwa mkongojo. “Mwaka wa njaa ile kubwa, wa 1921, mimi sijazaliwa, mama alimkuta Timerbulat kivukoni, mtoto mdogo anatafuna gome la mti, anaongea maneno yasiyoeleweka. Akamwingiza kwenye ukosi wa gauni lake mbele ya majirani, akamtolea chini kwenye pindo. Alivyokuwa amekonda, hakukwama popote! Na kwetu, aliyepita hapo amezaliwa. Mama alituapisha tusimwambie, asije akajiona mgeni. Haya, mkimwondoa yeye, niondoeni na mimi.”

Yanybai alivua kofia, akaikunja mikononi.

“Mizinga ni ya mwana wa Timerbulat,” alisema. “Endelea, kaka. Bado watano, na supu inapoa.”

Watu wakacheka huku wakijifuta macho. Ishbulat aliwataja wote, mmoja mmoja, kisha hakukaa. Aliinua viganja kama mtu anayeomba dua.

“Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi. Kabla theluji haijaanguka nitavuka mto Kama, niende kwa Waudmurti, niwaulize ni nani waliopoteza mtoto mwaka ule. Nikiwapata nitawaambia alishiba, alioa, alizikwa kwa heshima. Na wakiniuliza mimi ni wa nani, nitajibu: wa Timerbulat, wa Aznabai.”