Mgongo wa Fundi

Mimi si mtu wa kubembeleza, na sikuwahi kuota kwamba nitakuwa mwalimu. Nilikuwa fundi bomba, basi, na kwa miaka miwili nilikuwa fundi bomba pekee aliyebaki mtaani kwetu. Mmoja alifariki, wawili walivuka mipaka kufuata mishahara, wa nne magoti yalimgomea. Wakati huohuo maghorofa yaliota kama uyoga. Watu walinipigia simu nikiwa kwa kinyozi, nikiwa kwenye ibada, nikiwa na tonge mdomoni.

Kilichoniuma ni kimoja. Binti yetu alijifungua huko anakoishi, mwendo wa siku nzima kwa basi, na mimi sikuwa nimemwona mjukuu. Mara tatu tulipanga safari na mke wangu, mara tatu bomba la mtu likapasuka asubuhi hiyohiyo, na mara tatu mama watoto akaenda peke yake. Mtoto alishaanza kutembea. Alinijua kwa sauti ya simu tu, na nasikia hata redio alikuwa akiiita babu.

Kwa hiyo mkuu wa chuo cha ufundi aliponifuata kunieleza kwamba wanapanua darasa la mabomba kwa sababu mji hauna mafundi, nilikubali kabla hajamaliza chai. Zamani walichukua wanafunzi wanne kwa mwaka. Sasa waliondoa madawati mabovu kwenye stoo, wakapanga meza za kazi, wakachukua kumi na wanne. Wote watu wazima. Alikuwapo karani aliyepunguzwa kazini, mpishi wa hoteli aliyechoshwa na moshi, na Mama Pacha, ambaye mdomo wake hauna breki. Nikamwahidi mke wangu kwamba wakishapata vyeti tu, kesho yake tunasafiri pamoja. Alinitazama, akaendelea kukunja nguo.

Miezi sita nilifundisha na kufoka, kufoka na kufundisha. Walijua kupima, kukata, na kuchonga meno kwenye ncha ya bomba. Wiki moja kabla ya mtihani nikataka kila mmoja aunge mabomba mawili, kisha tufungulie maji. Walikwenda vizuri mpaka hatua ya kuzungusha utepe kwenye meno, ule unaozuia maji yasivuje. Hapo wote kumi na wanne wakanigeuzia migongo, wakainama kuelekea ukutani, wakafanya mambo yao huko, kisha wakarudi mezani na nyuso za watu waliotoka msalani.

Nikafungulia maji. Viungo vyote vikavuja. Karani, ambaye hadi leo huja kazini na tai, alilowa tai na shati.

Nikauliza, kwa sauti ambayo sitairudia hapa, ni nani aliyewafundisha upuuzi wa kugeukia ukuta. Aliyefungua mdomo ni Mama Pacha.

"Ni wewe, Mwalimu. Kila ukifika hapo unatupa mgongo. Sisi tulidhani mgongo ni sehemu ya kazi."

Fundi aliyenifunza mimi alikuwa akigeuka vivyo hivyo. Aliogopa kwamba tukijua yote tutamnyang'anya wateja, na hatua ile niliiiba kwa kuchungulia chini ya kwapa lake. Miaka thelathini na minne nimekuwa nikigeuka bila kujua kwamba nageuka. Kikulacho ki nguoni mwako: mimi niliyelia kila siku kwamba sina wa kunisaidia, ndimi niliyewafungia watu mlango. Niliona aibu, tena aibu ya kweli.

Nikapanda juu ya meza, na umri wangu huu, nikaketi nikiwatazama usoni. Nikazungusha utepe polepole. Unafuata upande ule ule bomba linakokazwa, kwa sababu ukienda kinyume, kila ukikaza unaufumua. Mpishi akauliza kama siri ni hiyo tu. Nikakiri kwamba ni hiyo tu. Walicheka mpaka mkuu wa chuo akaja kuangalia kama kuna aliyeumia. Mimi pia nilicheka, ingawa nilichelewa kidogo kuanza.

Siku ya mtihani, mkaguzi alifungulia maji akapitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo. Walifaulu wote, isipokuwa karani, ambaye kiungo chake kilivuja, akarudia mchana akafaulu.

Asubuhi ya safari simu ikaita. Bomba la zahanati limepasuka, maji yamefika wodini. Mke wangu alisikia kila neno. Alichukua kikapu chake, akasema basi linaondoka saa tatu, akatoka. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Nikampigia Mama Pacha, kisha nikakimbilia zahanati hata hivyo, maana miguu yangu haijui kukataa. Nilimkuta ameshafunga koki kuu na kupiga magoti sakafuni, mpishi akimpokeza spana. Nikasimama nyuma yake nikitafuta kosa. Nililitafuta kwelikweli. Sikuliona, na moyo ukafurahi na kuniuma kwa pamoja.

"Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, "sogea, unanizibia mwanga. Na kama una safari, safiri."

Nilikimbia mpaka stendi. Basi lilikuwa limeshawashwa. Mke wangu alikuwa ameketi dirishani, na kiti cha pembeni yake kilikuwa na kikapu. Nikamwambia nitazungumza na kondakta, hata kusimama nitasimama. Yeye akakiinua kikapu na kukipakata.

"Kaa. Nilikata tiketi mbili."

Nikaketi, nahema. Nikamuuliza alijuaje kwamba safari hii nitakuja.

"Sikujua," akasema. "Hata zile mara tatu nilikata mbili."