Vyura wa Fundi Friji

Mtaani fundi friji huyu walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Lakini asubuhi hiyo, katika maabara ya mpwa wake, alikuwa kimya kama aliyemwagiwa maji.

Kila friji alilotengeneza alililaza na glasi ya maji ndani, baridi akiifungulia mpaka mwisho: ishirini chini ya sifuri. Maji yakiamka barafu, kazi imekwisha. Jana yake, alipokuja kutengeneza friji la maabara, mpwa alimwonya jambo moja tu: "Mjomba, usiguse hilo boksi la majani." Redio akashika neno. Hakuligusa, akaliacha humo humo ndani na kufunga mlango.

Sasa glasi imeganda, na chini ya majani vyura kumi na wawili wamekuwa mawe. Alimgonga mmoja ukingoni mwa meza. Ko! Mpwa akaingia papo hapo.

Vyura wenyewe wa nchi za theluji, utafiti wa miaka minne. Na ni mpwa huyu aliyemwambia mkuu wake, "Mleteni mjomba wangu, namwamini."

"Mwanangu, nimekumaliza," Redio akasema. "Nipeleke kwa dada yangu, mama yako, nikaseme mwenyewe."

"Mjomba, nyamaza kwanza! Hawa wamezaliwa na jeni za kustahimili baridi. Wakianza kuganda, ini linamwaga sukari mwili mzima. Barafu inakaa nje ya seli, ndani haiingii. Lakini ikipita sita chini ya sifuri, basi tena."

"Mimi niliweka ishirini."

Mpwa akainamia kipimajoto kinachotunza kumbukumbu ya usiku. Akakifuta kwa mkono wa koti, akasoma tena.

"Nne. Haikupita nne."

Redio akapiga magoti nyuma ya friji, akapaka povu la sabuni kwenye bomba. Povu likachemka. Gesi ilikuwa inavuja, ndiyo maana baridi haikufika ishirini.

"Moyo je, unapiga?"

"Umesimama. Na hawapumui."

Redio akatikisa kichwa. Barafu anaijua: miaka thelathini ameiona ikipasua chupa za soda na mabomba ya shaba. Kiumbe laini kama huyu ataiweza vipi?

Wakawapanga mezani, wakangoja. Chai ikapoa. Alasiri, ngozi ya yule aliyegongwa ikaanza kung'aa maji. Chini ya kifua chake chembamba kitu kikacheza. Kikatulia. Redio akashika pumzi. Kikacheza tena, tena, kikashika mwendo. Kisha wa pili. Kisha mguu mmoja ukajinyoosha taratibu, kama wa mtu anayeamka usingizini.

Redio akamwinamia chura, machozi yakamtoka.

"Ungekuwa fundi hodari zaidi, mjomba, ungewaua," mpwa akacheka, naye analia.

Mkuu akachungulia mlangoni. "Fundi, friji limepona?"

"Bado, bosi," Redio akanong'ona, macho hayabanduki kwa chura. "Subiri kidogo. Njoo uone hapa kwanza."