Kamba Ishirini na Mbili

Futi aliinyunyizia maji kamba ya mwisho, akailaza juu ya meza ya kukatia nguo, akaipitishia pasi polepole mpaka ikanyooka. Akaikunja, akaiweka juu ya wenzake, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuutazama ukuta. Misumari themanini na mitatu, yote mitupu. Ukuta ulikuwa haujawahi kuwa msafi namna ile, na Futi alijiona amefanya kazi ya mtu mzima.

Hilo ndilo lililokuja kumchoma baadaye kuliko yote. Aliifanya kazi ile akiimba.

Walikuwa wanafunzi kumi na wawili wa chuo cha biashara, waliovuka mpaka kwa basi pamoja na mhadhiri wao kuja kuchunguza biashara ndogo za nchi ya jirani, "na utamaduni unaoziendesha." Hayo ya utamaduni mhadhiri aliyasema kila mara akiwa ameinua kidole. Kiswahili cha huku kilikuwa na mvuto wake, kinapanda pale ambapo cha kwao kinashuka, lakini walisikilizana. Waligawanywa wawili wawili, kila jozi ikapewa duka lake. Futi alipangwa kwa fundi cherehani mmoja mzee pamoja na kijana waliyemwita Waziri, kwa sababu hata salamu yake ilikuwa hotuba.

Jina la Futi alipewa na mama yake, naye fundi cherehani, kwa kuwa alipokuwa mtoto hakulala bila kuvishwa futi ya kupimia shingoni. Katika msafara mzima ni yeye peke yake aliyejua kutia uzi kwenye sindano, na ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kwenda popote. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa bado inanuka upya. Kila jozi ingeandika ripoti, na itakayoshinda ingesomwa siku ya mwisho mbele ya wenyeji wote na mkuu wa chuo, na Futi aliitaka nafasi hiyo kwa roho yake yote. Kuna mtu darasani alikuwa amecheka aliposikia mama yake Futi anashona viraka. Alitaka yule mtu akae kwenye kiti asikilize.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bibi Fundi aliwapokea siku ya kwanza, akiwatazama kwa kuinamisha kichwa upande, kama kuku anayesikiliza. Macho yake yalikuwa na ukungu. Jicho la kulia lilikuwa halioni kitu, la kushoto liliona mwanga na rangi kubwa kubwa.

Lakini mikono yake! Bibi Fundi hakupima kwa futi. Alipima kwa kamba nyembamba za pamba, zote za urefu mmoja: fundo la kwanza upana wa mabega, la pili urefu wa mkono, la tatu kifua, la nne kiuno, na kuendelea hadi kwenye kifundo cha mguu. Kila mteja alikuwa na kamba yake na msumari wake, na kwenye ncha ya kamba alifungiwa kipande cha kitambaa cha nguo yake ya kwanza. Mteja akija, Bibi alipapasa ukuta, akagusa kitambaa, akasema, "Wewe ni mama wa duka la dawa. Umenenepa, au nimesahau kukaza?" Mume wake ndiye aliyeanzisha mtindo huo. Siku hizi, macho yalipomtupa mkono, kamba ndizo zilizokuwa macho.

Futi aliyaona hayo yote. Aliyaandika hata kwenye daftari. Ila kuona na kuelewa ni vitu viwili, na kati yake akapita Waziri.

"Hapa hakuna kumbukumbu," Waziri alisema, akizungusha kalamu. "Duka likiungua leo, wateja wote wameungua. Tuwatie kwenye jedwali. Na wale ambao hawajashona kwa miaka mitano tuwaite wateja waliolala, tuwaondoe. Mhadhiri atatoa machozi, nakwambia."

"Tumuulize Bibi kwanza."

"Umuulize nini? Unampa zawadi, unamuuliza?"

Hapo Futi angeweza kubisha. Kuuliza si ujinga, mama yake alimwambia hivyo tangu akiwa hajui kushika mkasi. Lakini alikwisha kuliona lile jedwali machoni, na jina lake juu.

Kwa siku tatu alimdadisi Bibi taratibu, huyu nani, yule nani, na Bibi, akidhani binti anapenda hadithi, akamwambia. Siku ya nane Bibi akaenda kliniki ya macho, akamwachia ufunguo. "Duka ni lako, mjukuu wangu. Mtu akija mwambie saa nane." Waziri naye akaenda kununua zawadi za kupeleka nyumbani.

Futi alipima kamba sitini na moja kwa futi, fundo hadi fundo, akajaza namba. Kila aliyoimaliza aliifungua mafundo, na kitambaa chake akakibana kwa pini kando ya jina la mteja kwenye jedwali. Hakuna mwanafunzi mwingine katika msafara ule ambaye angefungua hata fundo moja. Wangepima, wakarudisha msumarini, yakaisha. Lakini kwa mama yake, kamba ilitumika tu mteja akifuatwa nyumbani kwake. Ukirudi unahamishia vipimo daftarini, unafungua mafundo, unailowesha, unaipiga pasi, kesho inampima mwingine. "Kamba yenye fundo ni kazi haijaisha," mama alizoea kusema, na Futi alikua akizifungua kamba za mama yake kama watoto wengine wanavyomenya njugu. Kuacha kamba na mafundo baada ya kuandika kulikuwa, kwake yeye, uchafu.

Zikabaki ishirini na mbili za wateja waliolala, zenye vumbi, ambazo Bibi hakuwa amezisimulia. Hizo hakuzipima. Alizing'oa vitambaa vyake, akavitupa kwenye gunia la vipande, akafungua mafundo. Mengine yalikuwa yamekaza kwa miaka, ikabidi atumie meno.

Saa nane na robo fimbo ya Bibi Fundi iligonga kizingiti.

"Wamesema watanipasua la kushoto mwezi ujao," alisema, akivua viatu. "Nimewaambia wasiniharakishe, nina nguo za watu." Akaenda ukutani, kama alivyofanya kila akiingia. Mkono ukagusa msumari. Ukahamia wa pili. Wa tatu. Ukaanza kwenda mbio.

"Bibi, nimekutengenezea," Futi alisema, na sauti yake bado ilikuwa ya furaha. "Zote nimeziandika. Nitakuchapia karatasi kubwa, ubandike—"

"Ziko wapi?"

"Hizi hapa. Nimezinyoosha."

Bibi Fundi alizipokea. Akapitisha vidole kwenye kamba ya kwanza tangu mwanzo hadi mwisho, kisha ya pili. Futi akavitazama vidole vile vikiteleza bila kukwama popote. Alielewa yote kwa mara moja, bila kuambiwa neno.

"Na iliyokuwa msumari wa chini, pale pembeni ya dirisha?" Bibi aliuliza kwa upole uliotisha. "Mafundo yake yamekaribiana. Ina kitambaa cha miraba."

"Hiyo... Bibi, hiyo sikuiandika. Nilidhani mwenyewe haji tena."

"Haji," Bibi alisema. Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Yule ni mwanangu. Mzee wangu alimpima sare ya darasa la tatu Jumamosi. Jumatano tukamzika. Mzee akaitundika kamba pale, akasema isiguswe, na mwenyewe naye akamfuata. Picha sizioni tena, mjukuu wangu. Ile nilikuwa naishika."

Futi alilimwaga gunia sakafuni, akalichambua akiwa amepiga magoti huku akilia kwa sauti, bila kujali wapita njia. Kitambaa cha miraba alikipata. Lakini kitambaa hakisemi kilikuwa kwenye kamba ipi. Bibi alizishika kamba zile ishirini na mbili moja moja, akazivuta, akazinusa. Zote zilinuka pasi.

Hakumgombeza. Hilo nalo ni la kumsema Bibi Fundi, kwa sababu angemgombeza, binti angepata pa kujishikiza. Alisema tu, "Maji yakimwagika hayazoleki. Kesho njoo na lile jedwali lako."

Siku ya tisa walikaa pamoja tangu asubuhi. Futi alisoma namba, akapima, akafunga fundo, akarudisha kitambaa nchani, akampa Bibi akague. Mama wa duka la dawa akarudi msumarini. Dereva wa lori akarudi. Mwalimu mwenye bega moja chini akarudi, na Bibi akayaonja mafundo yake kwa kidole gumba.

"Unakaza mno. Fundo si adui yako."

"Samahani, Bibi."

"Usiniombe samahani sitini na moja. Fungua, funga tena."

Jioni, mhadhiri alimpigia simu. Ripoti yao, aliyoiwasilisha Waziri asubuhi ile, imeshinda. Lile jedwali, alisema, limetia fora. Mfano hai wa jinsi ya kuokoa maarifa ya jadi. Futi, aliyekuwa ameketi na kamba mapajani, alijaribu kumweleza. Mhadhiri akasikiliza nusu dakika, akasema mambo hayo hutokea kwenye utafiti, aandike aya moja fupi kwenye sehemu ya changamoto.

Siku ya kumi ripoti ikasomwa, na aliyeisoma ni Waziri. Yule aliyemcheka mama yake Futi alikaa kwenye kiti akasikiliza mpaka mwisho, na wanasema alipiga makofi sana. Futi hakuwapo. Alikuwa amelivuta begi lake mpaka dukani kwa Bibi Fundi, akiwa amemwambia dereva wa basi amchukulie hapo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hukwenda kusifiwa?"

"Sikwenda."

"Ungeenda. Mimi singekuona." Bibi akacheka kidogo, kicheko kikavu, kisha kikaisha. Ukutani kamba sitini na moja zilining'inia. Ishirini na mbili zilikuwa mapajani mwake, na kile kitambaa cha miraba amekibana kati ya vidole viwili. Hakuwa ameshona kitu asubuhi ile. Cherehani ilikuwa imefunikwa.

Futi alikuwa amejiandalia maneno njiani. Alitaka kusema atarudi, ataandika barua, atamtumia zawadi. Lakini angempa nini mtu ambaye yeye mwenyewe amemfungulia mtoto wake kwa meno?

"Alikuwa wa darasa la tatu," Bibi alisema, kama aliyekuwa akiendelea na mazungumzo. "Mwembamba. Nikisimama, kichwa chake kinanifika hapa." Akaweka kiganja chini ya titi. "Au hapa." Akakishusha kidogo. "Nilikuwa najua. Kila siku nilikuwa najua."

Akachagua kamba moja katika zile ishirini na mbili, yoyote, akasimama.

"Piga magoti."

Futi akapiga magoti kwenye sakafu yenye nyuzi na chaki. Bibi Fundi akamzunguka, akamshika mabega kwa mikono yake mikavu, akayabana kwa ndani yawe membamba. Akaweka ncha ya kamba kwenye bega la kushoto, akaivuta hadi la kulia, kisha akaipunguza, akaipunguza tena. Kidole gumba kilisimama. Kikasogea. Kikarudi.

"Kaa wima. Yeye hakuwa anainama."

Futi akakaa wima. Machozi yalimteremka hadi kidevuni na hakuthubutu kuinua mkono ayafute, asije akaharibu kipimo. Nje, basi lilisimama, likapiga honi. Sauti za wenzake ziliingia dirishani, wanaimba, wanamwita jina.

"Hapana," Bibi alisema taratibu, karibu na sikio lake. "Chini kidogo."

Akashuka.

"Juu. Juu kidogo."

Honi ikapigwa tena. Bibi Fundi alikuwa ameikunja kamba kitanzi, tayari kwa fundo, lakini hakuwa amekaza. Futi alibana pumzi, akabaki pale alipowekwa.