Toba ya Mbweha

Kila Alhamisi soko likishachangamka, Buazza alichora duara vumbini kwa fimbo yake, nyuma ya wauza mnanaa, akasimama katikati na watu wakamzunguka. Kazi yake ilikuwa kusimulia. Kusoma hakujua zaidi ya sura alizokaririshwa chuoni utotoni, wala hakuona hasara. Waliosoma ndio waliomwambia mkewe, Itto, pale mlangoni mwa hospitali, kwamba karatasi yake haina muhuri, arudi Jumatatu. Jumatatu Itto alikuwa kaburini.

Tangu hapo Buazza alikuwa na hadithi moja tu. Mwaka wa ukame wanyama walimkabidhi mbweha ufunguo wa kisima. Kondoo jike akaja, ulimi nje. Mbweha akamwuliza, "Kibali kiko wapi?" Kondoo akafia mlangoni.

Alhamisi moja, kabla hajafungua kinywa, Si Allal, yaani Bwana Allal, mkuu wa mtaa, alilivuka duara kwa viatu vyake vinavyong'aa.

"Ba Buazza, liwali anakusalimu."

"Salamu za liwali huwa zina mkia. Utoe tuuone."

Watu wakaangua kicheko. Si Allal akakunja uso. "Ile hadithi yako imemfikia. Anasema unamtukana."

"Mimi nimesema mbweha. Liwali kajionea wapi humo?"

"Usinichezee, mzee. Leo mbweha atubu, tena mbele yangu nisikie. Asipotubu, hapa unapokanyaga patauzwa sabuni Alhamisi ijayo."

Buazza akalitazama duara lake. Nyumbani kwake palikuwa na birika moja, gilasi moja na ukimya. Duara lile ndipo mahali pekee duniani ambapo Itto alikuwa bado anadaiwa haki yake. Kisha akatabasamu, jambo ambalo wauza mnanaa hawakuwa wameliona tangu mazishi.

"Atatubu. Kaa hapa mbele, Si Allal, usije ukasimuliwa na watu."

Basi mbweha akatubu. Alilia mpaka manyoya ya kifua yakalowa. Akaacha kulala mlangoni mwa kisima, akajuta, akaapa hatarudia.

"Vizuri sana," alisema Si Allal, akiinuka. "Imekwisha."

"Imekwisha wapi? Kwani wewe hukupita chuoni? Toba ina masharti mangapi?"

Mama muuza mayai, Lalla Tuda, ndiye aliyemjibia Si Allal. "Matatu! Na la nne, ukiwa umemdhulumu mtu!"

"La nne lipi, Lalla?"

"Umrudishie haki yake! Hata mjukuu wangu analijua hilo, sembuse mwenye viatu kama vile!"

"Mnasikia? Si maneno yangu." Buazza akapiga fimbo chini. "Mbweha akaenda kwa mume wa marehemu. Akamkuta kondoo dume anachemsha chai ya mtu mmoja. 'Nimekuja kutubu.' 'Karibu. Umeniletea?' Mbweha akatoa ufunguo. 'Si huo.' Akatoa ndoo ya maji. 'Si hayo.' 'Sasa unataka nini?' 'Nataka ulichochukua.'"

Kumbe Si Allal alikuwa bado amesimama, jasho linamtoka.

"Lakini mbweha angefanyaje?" alisema kwa sauti kubwa. "Muhuri haukuwepo! Angefungua, angenyang'anywa ufunguo siku ileile. Na yeye ana watoto!"

"Ehee! Mbweha kapata wakili!" akadakia mtu, na watu wakacheka.

Buazza hakucheka; katika hadithi yake hapakuwa na muhuri. Miaka minne tangu mazishi alikuwa akiapa kwamba watu wa serikali huzaliwa na meno ya mbweha. Sasa alimwona mtu mwoga tu, na hilo halikumpoza hata kidogo. Lilimwongezea uhakika.

"Hivyo hivyo ndivyo alivyojitetea mbweha," alisema. "Kondoo dume akamwambia: 'Sote tuna watoto, sote tunaogopa. Lakini kiumbe hajulikani kwa alivyozaliwa. Hujulikana siku yuko mlangoni, ufunguo anao, na mwenzake ana kiu.' Mpaka leo mbweha amekaa kizingitini, anatubu, na toba haijatimia."

Akainua viganja kwa dua ya kufungia duara. Viganja vyote vikainuka, maana katika soko lile hakuna aliyewahi kuikataa dua. Vya Si Allal navyo vikapanda, polepole.

"Ewe Mola, mrehemu Itto binti Haddu, aliyefia mlangoni."

"Amin," wakasema wote. Si Allal alisema amin yake akiwa wa mwisho, na ikasikika peke yake.

Akakung'uta kanzu yake. "Nitamwambia liwali kwamba mbweha ametubu."

"Mwambie," alisema Buazza, akiokota fimbo yake. "Na usimfiche sharti la nne. Akitaka kulisikia vizuri, Alhamisi nipo hapahapa."