Ukungu Nyuma ya Kitanda

Ukungu uliporudi mara ya tatu, Priscille alikivuta kitanda taratibu, mwanawe akiwa amelala juu yake. Doa jeusi lilikuwa limepanda ukutani hadi usawa wa mto. Kifua cha Ornella, wa miaka minne, kilikuwa kikilia kama filimbi kwa kila pumzi tangu mvua zianze.

Mwenye nyumba, Mama Scholastique, alishatoa hukumu yake juu ya ukungu: mpangaji anapikia ndani. Priscille hakuwahi kupikia ndani, lakini angebishaje? Tangu wakimbie vita vya Djugu, hiki kilikuwa chumba cha nne, naye hakuwa na moyo wa kutafuta cha tano.

Alimimina javeli, dawa ya kung'arishia nguo, ndani ya beseni. Mara mbili ilikuwa imeshindwa peke yake, basi akaongeza siki ili ipate nguvu, akaanza kusugua. Harufu kali ikampanda puani. Nyuma yake Ornella aliamka akikohoa, pumzi haiingii.

Alimnyakua, wakatoka mbio hadi uani.

Mama Scholastique alikuwa akianua nguo. "Mama Ornella, kuko nini?"

"Nilichanganya javeli na vinegre. Mutoto anakosa pumuzi."

"Ile inatoa sumu. Bakia naye hapa kwa hewa."

Mwanamke yule akazunguka nyuma ya nyumba kufungua dirisha kwa nje. Hakurudi. Priscille alibaki akihesabu pumzi za mwanawe, moja moja, mpaka kikohozi kikalegea na Ornella akaomba maji. Ndipo akambeba, akamfuata mwenye nyumba.

Alimkuta amezama matopeni hadi vifundoni. Udongo uliochimbwa kwenye shimo la choo mwaka uliopita ulikuwa bado umeegemea ukuta wa chumba cha Priscille, umelowa chapachapa.

"Huu udongo ni mimi niliwekesha hapa," Mama Scholastique alisema bila kumtazama. "Wewe haukupikaka ndani."

"Hapana, Mama."

"Unisamehe. Ukuta ilikuwa inakunywa maji huku."

Wakampeleka mtoto kwanza kituo cha afya. Jioni wakauondoa udongo kwa majembe, wakachimba mfereji. Wiki nzima na zaidi mama na mwana walilala kwa Mama Scholastique.

Kila asubuhi Priscille aligusa ukuta kwa kiganja, kisha akaweka sikio kwenye kifua cha mwanawe. Siku ya tisa kiganja kilitoka kikavu. Kifua kilikuwa bado kinalia kidogo, naye akabaki ameinama, akisikiliza.