Usipa Juu ya Tanga

Nilikuwa nageuza usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye chanja, safu kwa safu, kama kila asubuhi pale Kihagara, mkono wangu ulipogusa kitu laini. Chini ya samaki kulikuwa na tanga langu.

Halikuwa tanga la mtumbwi. Lilikuwa karatasi ya plastiki ya rangi ya fedha, ile ya kufungia zawadi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Mwaka ule wa 1994 maduka ya Mbinga yalijaa vitu vya nje, nami nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu nikakosa ajira. Mwalimu Othmar, aliyetufundisha fizikia, akanitumia barua ya wahandisi wa ng'ambo. Walitafuta kijana wa kubuni namna ya kukunja tanga la chombo cha angani, lifunguke lenyewe bila kuchanika. Atakayeweza, wangemsomesha kwao.

"Mwanga unasukuma, Eunice," mwalimu aliwahi kuniambia. "Kidogo mno. Lakini kule juu hakuna wa kuuzuia, na hauchoki."

Miezi mitatu nilikunja, likachanika, nikaanza upya. Mwishowe nikaiga jinsi marehemu baba alivyolaza wavu mtumbwini, kona ya kutoka kwanza ikiwa juu. Likafunguka zima. Alfajiri hiyo nililitandaza kwenye chanja tupu ili mikunjo ilegee, nikaenda kuchota maji; niliporudi na kukuta usipa, nilidhani mama ameliondoa kwanza. Kifurushi cha wahandisi kilipaswa kuondoka na gari la kesho yake. Karatasi nyingine sikuwa nayo.

"Mama, umeanika juu ya tanga langu."

"Nilidhani umenitandikia. Si linavuta jua?" Akacheka kidogo. "Tanga gani hilo linaloogopa samaki?"

Nilichukua sabuni, nikaondoa mafuta na magamba, nikasugua. Rangi ya fedha ikaanza kutoka. Nikasugua kwa upole zaidi, kama mtu anayemwosha mgonjwa, mpaka nikaviona vidole vyangu upande wa pili.

Siku hizi nafundisha Matiri. Wanafunzi huuliza kama vyombo vya angani viliwahi kwenda kwa nguvu ya jua. Vimekwenda, nawaambia, kisha nageukia ubao.

Jioni ile mama alinikuta bado nimeinama kwenye beseni, maji yamepoa. Hakuwasha moto wa ugali. Alikaa chini karibu yangu, akawa anabandua magamba yaliyokauka mkononi mwake, moja baada ya jingine.

"Mama," nilisema, "kweli hukujua?"

Alibandua gamba jingine.

"Nilijua. Nilikuona unalitandaza, nikasubiri uende ziwani." Hakuniangalia. "Kaka yako Ignatio alikwenda Dar es Salaam tu, basi, hajarudi, mwaka wa sita huu. Wewe huko ng'ambo ningekufuata na nini? Sikutaka uende, mwanangu."