Vidole Vinne Shavuni

Ndoa ilikuwa Ijumaa, na Ugbad hakuogopa kitu ila jua.

Jua la Kakuma halibagui bibi harusi na jiwe la njiani. Tangu posa ya Mustafe ikubaliwe, yule kijana wa Lodwar mwenye lori la mizigo, Ugbad alimlinda mjukuu wake Magool kama anayelinda maziwa yasichachuke. Kwenda sokoni adhuhuri, marufuku. Viazi vya mafuta, marufuku. Alimlisha karoti, nyanya, mboga za majani na tikiti, na maji yasiyokwisha, maana ngozi, alisema, hulishwa kwanza tumboni ndipo ipakwe nje. Na kila asubuhi alimpaka usoni qasil, ule unga wa majani ya mkunazi, akiukoroga kwa maziwa.

"Ayeyo, utanigeuza mbuzi," Magool alilalamika. Ayeyo ndilo jina alilomwitia bibi yake tangu ajue kusema. "Majani ndani, majani nje!"

"Mbuzi mwenye ngozi laini hauzwi kwa bei ya mifupa. Kula."

Jumatatu, baada ya Magool kunawa uso, Ugbad alikaa kizingitini akikata papai na kulikamulia ndimu. Mikono ya nguo ilikuwa imekunjwa hadi kwenye viwiko, jua limemwangukia mapajani.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mgeni, habishi hodi, hali chakula, lakini akiondoka huondoka na rangi yangu."

"Jua! Ayeyo, hicho umenitegea tangu nina meno ya utoto!"

Ugbad akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kwa mkono ule ule uliolowa ndimu akalishika shavu la mjukuu wake, akalibana kidogo, kama alivyolibana siku waliyomzika mama yake Magool wakabaki wawili. Kisha watu wakapiga kelele kwamba maji yametoka bombani. Magool akanyakua mtungi, akakimbia, akasahau hata mwavuli. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, jua lilikuwa limeshapita utosini.

Jumatano aliamka alfajiri shavu likimwasha, akaenda kuteka maji hivyo hivyo. Aliporudi, Ugbad akamwinua uso kwenye mwanga wa mlango, na sahani ikamponyoka. Shavu la kushoto lilikuwa na mistari minne, myeusi katikati, myekundu pembeni, imelala sambamba kutoka mdomoni kuelekea sikioni. Vidole. Hata kipofu angevipapasa akasema ni vidole.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna."

"Magool."

"Wallahi hakuna, Ayeyo! Nani anipige?"

Akuwam, jirani Mturkana aliyewaletea makaa, aliingia akisema "Ejok, mama," na salamu ikamfia mdomoni. Alimtazama msichana, akamtazama bibi.

"Mama Ugbad. Kumbe mkono yako ni nzito hivi?"

"Mimi? Sijamchapa huyu hata alipokuwa mdogo!"

"Mimi nauliza tu. Huko kwa bomba wanasema msichana alikataa bwana, akafundishwa adabu."

Basi habari ilikuwa imetangulia! Lisemwalo lipo, watu husema, na kama halipo linakuja. Na hili lilikuwa likija kwa barabara ya lami, kwa sababu siku hiyo hiyo alikuwa akitarajiwa Nafiso, shangazi aliyemlea Mustafe. Ugbad akapaka shubiri. Mistari ikang'aa. Akapaka poda. Mistari ikaonekana kama moto uliofunikwa majivu. Akamvutia mtandio mbele hadi mtoto akabaki pua tu.

Nafiso alifika na vitambaa na manukato, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha makuli. Hakuketi. "Nimuone mwanangu," akasema, na kwa kidole kimoja akausogeza ule mtandio. Vitambaa vikashuka polepole mpaka mkekani.

"Nani?" aliuliza.

"Sijapigwa, shangazi. Imetokea yenyewe."

"Yenyewe." Nafiso alicheka bila furaha. "Mimi niliposema nimeanguka, angalau nilitafuta ngazi ya kuangukia." Akamgeukia Ugbad. "Mama, nakuheshimu. Lakini mimi niliozwa kwa makofi, na niliapa hakuna msichana atakayeingia nyumbani kwangu kwa mlango huo. Nampigia Mustafe. Hakuna ndoa."

"Lakini nampenda!" Magool alilia.

"Hata hilo nilifundishwa kulisema."

Ugbad akainua mikono kumsihi, na nguo ikateleza hadi kiwikoni. Hapo akaona. Kwenye mkono wake wa kulia, upande wa ndani, kulikuwa na mstari mmoja mweusi, mwembamba, unaopindapinda kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko, kama laga, mto wa msimu, iliyokauka inavyoonekana kutoka mlimani. Ulikuwa ukimwasha tangu asubuhi, naye akadhani ni sisimizi. Ni kitu gani hutembea mkononi namna ile, kama si maji yanayochuruzika? Na ni maji gani yaliyomchuruzika yeye, ameketi juani?

"Ndimu," alisema.

"Nini?"

"Nilikuwa nakamua ndimu. Nikamshika shavu. Akaenda bombani juani. Ni mkono wangu, Nafiso, ni kweli, lakini ni ndimu na jua!"

"Na huo wako ni mafuta ya kukaangia. Mimi pia nina jiko."

"Basi nitajipaka tena, hapa hapa, ukiona."

"Ngozi yako siiamini." Nafiso akakunja nguo yake, akanyoosha mkono. "Chukua yangu."

Ugbad akasita. Hakuwa na hakika. Alikuwa ameunganisha vitu viwili kwa hofu, kama mtu anayedaka kamba gizani bila kujua imefungwa wapi.

"Ikitokea, utaumia," alisema.

"Isipotokea, utaumia wewe."

Ugbad akakamua ndimu, akambandika yule mgeni vidole vyake vinne mkononi. Nafiso akatoka, akaketi ukutani kwenye jua kali, mkono juu ya goti, jasho likimtiririka. Akuwam akashika kiuno. "Haki ya Mungu! Tajiri ya Lodwar anaanika mkono kama nyama!"

Nafiso alilala kwa jamaa zake kambini. Alhamisi mchana akapiga simu. "Mkono wangu ni safi kama sahani," alisema, na akakata.

Siku hiyo Ugbad hakumeza kitu. Alijikumbusha kwamba shavu la Magool nalo lilikaa Jumanne nzima bila alama, akajiambia, subiri. Lakini moyo hauambiwi subiri ukasikia. Wanawake wa bombani walinyamaza alipopita. Magool alikaa kwenye kona, hakugusa hata papai.

Ijumaa, kabla chai haijachemka, Nafiso aliingia bila salamu. Akavuta nguo hadi kwenye kiwiko.

Vidole vinne. Vyekundu, vimevimba, kimoja kimefanya lengelenge.

"Kunawasha kama pilipili," alisema kwa hasira, na Ugbad akashindwa kujua kama ni hasira yake au ya ndimu. Kisha Nafiso akamshika Magool mkono, akaenda naye nyuma ya pazia. Sauti zilikuwa za chini. Ugbad alisimama, akachukua sabuni, akanawa mikono, akanawa tena hadi kwenye viwiko, masikio yake yote yako kwenye pazia. Swali. Jibu la chini. Swali jingine. Halafu Magool akacheka, cheko lile lile la kulalamikia majani, na Nafiso akatoka akipangusa macho kwa ukingo wa mtandio.

"Anamtaka," alisema. "Mungu amsaidie, anamtaka kweli. Lete maziwa ya baridi nipake hapa."

Alama hazikuondoka, za namna ile hukaa wiki nyingi. Wageni wakaja, wakakaa mikekani, wakaanza kunong'ona kila mtandio wa bibi harusi ulipoteleza. Nafiso alikuwa ameketi ubavuni mwake, nguo nzuri ya harusi imekunjwa mpaka kwenye kiwiko, mkono umelazwa mapajani mahali pa kuonekana na wote. Mwanamke mmoja alipokazia macho lile shavu kupita kiasi, Nafiso alimnyooshea ule mkono hadi karibu na pua.

"Na mimi je?" aliuliza, kwa sauti ya kufika barabarani. "Ni nani huyo wa kunipiga mimi?"